Kasha la zamani, bodi mpya: pima kwanza, chora baadaye

Una kifaa ambacho bodi yake ya saketi imeungua, lakini kasha bado zima kabisa. Ukichora bodi mpya ikae humo humo, umeokoa gharama ya kasha. Shida ni kwamba kasha halibadiliki. Ukikosea tundu la skrubu kwa milimita moja tu, bodi haikai, na kama umeshaagiza kumi kiwandani, basi zote kumi ni hasara.

Kwanza usalama. Chomoa kifaa, na kumbuka kwamba kapasita kubwa za upande wa umeme wa ukutani zinaweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomoa. Hakikisha hazina volteji kabla hujaleta kalipa ya chuma.

Sasa tupime. Chagua tundu moja la skrubu, liite sifuri, na kila kipimo kianzie hapo. Kwa nini? Ukipima kwa kurukaruka, tundu hadi tundu, kisha tundu hadi soketi, kila kosa linarithiwa na kipimo kinachofuata. Makosa matano ya milimita 0.2 yakielemea upande mmoja yanakuwa milimita nzima. Na usianzie kwenye ukingo: skrubu ndizo zinazoamua bodi itakaa wapi.

Lakini katikati ya tundu ni hewa, utaikamataje? Ingiza meno madogo ya kalipa kwenye matundu mawili yanayolingana, yafungue mpaka yagote kwenye kuta za nje, kisha toa kipenyo cha tundu moja. Kwa mfano, kwenye Raspberry Pi 4 utasoma kama milimita 51.7. Toa 2.7, unabaki na 49, umbali kati ya katikati na katikati.

Halafu kuna mtego wa inchi. Pini nyingi hupangwa kwa inchi 0.1, yaani milimita 2.54. Ukiandika 2.5 "ili iwe rahisi", safu ya pini 20 ina nafasi 19, na mwisho wa safu utakuwa umepotea milimita 0.76. Hapo soketi haiingii. Wala usidhani mpangilio haubadiliki njiani: kwenye Arduino Uno, nafasi kati ya pini 7 na 8 ni milimita 4.06, si 2.54. Nyingine zote kwenye upande huo ziko kawaida.

Usisahau kimo. Bodi nyingi zina unene wa milimita 1.6. Pima kijenzi kirefu kuliko vyote upande wa juu, ncha za risasi upande wa chini, na soketi inatokeza kiasi gani nje ya ukingo. Kagua kasha pia: kuta za kasha la plastiki mara nyingi huinama kidogo, kwa hiyo chini huwa pembamba kuliko juu.

Mwisho, kabla hujalipa, chapisha mchoro kwa asilimia 100, pamoja na mstari wa milimita 100 pembeni. Upime kwa rula. Ukitoka 97, printa imepunguza ukubwa, rudia. Ukiwa sawa, bandika karatasi kwenye kadibodi, toboa matundu, weka ndani ya kasha na ufunge skrubu. Kadibodi ikigoma, umepoteza karatasi moja tu.