Matairi ya Baisikeli kwa Njia ya Matope na Njia ya Barafu

Mzee mmoja wa Kinangop, ambaye kila alfajiri hupeleka maziwa yake kituoni kwa baisikeli, ametuletea swali ambalo twaona lafaa kujibiwa mbele ya wasomaji wote. Asema kwamba katika masika yaliyopita, alipokuwa akiteremka mtelemko ulio karibu na kwake, gurudumu la mbele lilitereza katika kona, naye akaanguka pamoja na mkebe wake wa lita 20. Maziwa yote yalimwagika, na bega lake likateguka hata hakuweza kukama ng'ombe kwa muda wa majuma matatu.

Siku zile zile alipata barua kutoka kwa mwanawe, asomaye katika mji wa Oulu, nchi ya Ufini. Kijana aliandika kwamba huko watu huenda kazini na shuleni kwa baisikeli hata wakati theluji imefunika njia, na kwamba baisikeli yake haiterezi juu ya barafu kwa kuwa matairi yake yana misumari ya chuma. Mzee alidhani anafanyiwa mzaha. Basi auliza: Je, maneno hayo ni ya kweli? Na kama ni ya kweli, je, tairi hilo laweza kufaa katika mtelemko wetu?

Swali la kwanza twalijibu kwamba ni kweli. Swali la pili twalijibu kwamba tairi hilo halitamfaa hata kidogo. Lakini yuko tairi atakayemfaa, kwa maana ya kwamba lipo la namna nyingine, na gharama yake ni ndogo kuliko hasara ya bega lililoteguka. Ili jambo hili lieleweke vizuri, yatupasa kwanza kujua jinsi tairi linavyoshika njia.

JINSI TAIRI LINAVYOSHIKA NJIA

Zamani magurudumu ya baisikeli yalikuwa na mpira mgumu usio na upepo ndani, au chuma kitupu. Mwaka 1888 daktari wa mifugo mmoja, John Boyd Dunlop, aliyekuwa akikaa Belfast, aliandikisha tairi lake la kujazwa upepo, na tangu hapo baisikeli ikawa chombo cha safari ndefu. Watu wengi hudhani kwamba faida ya upepo ni kumpumzisha mpandaji tu. Lakini faida nyingine iliyo kubwa ni kwamba tairi lenye upepo huweza kubonyea na kukumbatia vijiwe na mashimo madogo, badala ya kurukaruka juu yake. Gurudumu linaloruka halishiki kitu.

Tazama mfano huu. Tuseme gurudumu la nyuma limebeba uzito wa ratili 120, yaani kilo 54 hivi. Ukijaza upepo wa ratili 60 kwa kila inchi mraba, tairi hugusa ardhi kwa eneo la inchi mraba 2 hivi. Ukipunguza upepo hata ratili 40, eneo hilo huwa inchi mraba 3 hivi. Kwa hiyo tairi lenye upepo mwingi mno husimama juu ya mahali padogo kama ncha ya fimbo, na katika udongo laini huzama kama kisu. Lile lenye upepo wa kadiri hutandaza mguu wake.

Kisha kuna mpira wenyewe. Mpira ulio laini kidogo huingia katika vinyweleo vya barabara na kushika. Mpira uliokauka huteleza. Tairi lililoanikwa juani miaka mingi mbele ya duka laweza kuwa jipya kwa sura, na hali limezeeka. Kabla ya kulipa, libonyeze kwa ukucha wa kidole gumba. Likiwa gumu kama ubao, au likiwa na nyufa nyembamba ubavuni, lirudishe mahali pake.

MENO YA TAIRI

Watu wengi huamini kwamba tairi lenye meno makubwa ndilo bora mahali pote. Si hivyo. Tairi pana la motokaa lahitaji mifereji ya kutoa maji, kwa maana likienda kasi juu ya maji mengi laweza kuelea na kuacha kugusa barabara. Tairi la baisikeli ni jembamba na la mviringo, nalo huyasukuma maji pembeni lenyewe. Lingehitaji kwenda zaidi ya kilomita 100 kwa saa kabla ya kuelea. Basi katika barabara ya lami, hata ikiwa imelowa, tairi lenye michoro midogo hushika vizuri kuliko lile la meno marefu, kwa kuwa mpira mwingi zaidi hugusa lami, tena meno marefu hupinda katika kona.

Lakini katika udongo mambo hugeuka. Hapo tairi haliwezi kushika kwa kugusa tu, sharti liuume udongo. Njia ya moramu iliyolowa huwa na ngozi nyembamba ya tope juu na ardhi ngumu chini yake. Meno ya kadiri, yaliyoachana kidogo, hupenya ngozi ile na kushika chini. Katika udongo mweusi wa mfinyanzi yafaa meno yaachane zaidi, ili tope lipate kuanguka gurudumu linapozunguka. Meno yaliyosongamana hujaa tope, na baada ya hatua chache tairi huwa kipara cha udongo.

Hapa kuna jambo la kuangalia. Ukiweka tairi nene, pima nafasi iliyobaki kati yake na madigadi. Ikiwa kidole hakipiti, tope la mfinyanzi litakwama humo na kulifunga gurudumu kabisa, nawe utaibeba baisikeli begani badala ya kubebwa nayo.

Kwa mtu ambaye safari yake ni nusu lami na nusu moramu, kama walivyo wengi, tairi la kufaa ni lile ambalo katikati limejaa, na mabegani lina meno. Penye lami hupita juu ya sehemu ya katikati bila taabu, na penye tope meno ya pembeni hufanya kazi yake.

UPEPO

Ubavuni mwa kila tairi zuri pameandikwa kiasi cha upepo, mara nyingi kwa herufi PSI, ambazo maana yake ni ratili kwa inchi mraba. Hutajwa kiasi cha juu, na mara nyingine cha chini pia. Kiasi cha juu si amri, ni mpaka. Siku ya mvua punguza ratili 5 hata 10 kutoka kiasi unachotumia wakati wa kiangazi, hasa katika gurudumu la mbele.

Lakini usizidishe kupunguza. Ukiwa na mzigo nyuma, na tairi likiwa legevu, jiwe likipigwa litaubana mpira wa ndani juu ya rimu, nao utatoboka matundu mawili pamoja kama alama ya meno ya nyoka. Kanuni ni hii: nyuma penye mzigo pawe pagumu zaidi, mbele pawe laini zaidi.

TAIRI JIPYA LIWEKWE MBELE

Sasa twafika penye kosa lililomwangusha mzee wetu. Katika barua yake asema kwamba alinunua tairi jipya mwezi mmoja kabla ya masika na kuliweka nyuma, kwa kuwa la nyuma ndilo lililokuwa limekwisha. La mbele lilikuwa kipara, lakini aliona lingali laweza kuvumilia.

Karibu watu wote hufanya hivyo, na sababu yao yaeleweka, maana tairi la nyuma huchukua uzito mwingi na kuisha upesi. Hata hivyo si sawa. Gurudumu la nyuma likitereza, aghalabu mpandaji hupata nafasi ya kuteremsha mguu na kujiokoa. La mbele likitereza, huwa amekwisha kuanguka kabla hajajua. Tena katika mtelemko, mtu akifunga breki, uzito wote huelekea mbele. Kwa hiyo ukinunua tairi moja, liweke mbele, na lile lililokuwa mbele ulihamishe nyuma limalizie maisha yake huko. Likiwa kipara kabisa, lisibaki mbele hata siku moja ya mvua.

NAMBA ZA TAIRI

Watu wengi hupoteza fedha kwa kununua tairi lisiloingia. Baisikeli ndefu za kazi, zile ziitwazo Black Mamba, kwa kawaida huvaa tairi lililoandikwa 28 x 1½. Lakini yako matairi mengine pia yaitwayo 28, ambayo rimu yake ni ndogo zaidi. Usiitegemee namba hiyo. Tafuta namba nyingine iliyoandikwa ubavuni kwa mfano huu: 40-635. Ya kwanza ni unene wa tairi kwa milimita, na ya pili ni upana wa rimu kutoka ukingo hata ukingo, mahali tairi linapokaa. Namba hii ya pili lazima iwe sawasawa na ya tairi lako la zamani. Lile la 635 halikai katika rimu ya 622, ingawa yote mawili huitwa 28. Baisikeli nyingi za milimani, zenye magurudumu ya 26, huwa na 559. Namba ya kwanza yaweza kuongezeka kidogo, ukitaka tairi nene, mradi madigadi na fremu ziwe na nafasi.

MATAIRI YA BARAFU

Sasa turudi kwa kijana wa Oulu. Mji huo uko karibu na digrii 65 kaskazini mwa Ikweta, na theluji hulala chini miezi mingi. Hata hivyo una njia za baisikeli za mamia ya kilomita, ambazo husafishwa wakati wa baridi, na mwaka 2013 wajuzi wa mambo ya baisikeli wakati wa theluji walikutanika huko kwa mkutano wao wa kwanza.

Barafu haina kinyweleo cha kuingiwa na mpira, wala haina udongo wa kuumwa na meno. Iliyo mbaya zaidi si ile ya baridi kali, bali ile inayokaribia kuyeyuka, yenye utando wa maji juu. Ndiyo maana matairi ya huko hupachikwa misumari mifupi, zaidi ya 100 na mara nyingine zaidi ya 200 katika tairi moja, kila mmoja ukiwa na ncha ya tungsteni kabaidi, ambayo ni ngumu kuliko chuma cha pua na haisagiki upesi. Misumari hiyo hukwaruza barafu na kushika. Tena mpira wake hutengenezwa kwa namna ambayo haukakamai katika baridi.

Msomaji aliye na ndugu katika nchi hizo aweza kumwandikia mashauri haya. Anunue tairi lenye misumari katikati na pembeni, si pembeni tu. Akiwa na fedha za moja tu, aliweke mbele. Aendeshe polepole katika lami kavu kwa kilomita 40 au 50 za kwanza, ili misumari ikae imara. Na baada ya safari aifute baisikeli, kwa maana chumvi imwagwayo barabarani hula mnyororo.

Kwetu theluji haidumu ila vileleni, kama juu ya Mlima Kenya. Hata ile barafu iliyofunika vilima karibu na Nyahururu mwezi wa Septemba mwaka 2008 ilikuwa mvua ya mawe. Misumari hiyo katika tope haina kazi, kwa kuwa ni mifupi mno, na juu ya lami hupiga kelele na kumchosha mpandaji bure.

TAIRI PEKE YAKE HALITOSHI

Tairi zuri halimwokoi mtu asiye na breki. Rimu za chuma zinazong'aa, zikilowa, hupoteza sehemu kubwa ya nguvu za breki. Basi siku ya mvua gusa breki kidogo kabla ya kufika mtelemko, ili zifute maji, na upunguze mwendo kabla ya kona, si ndani ya kona. Jihadhari na mvua ya kwanza baada ya kiangazi, inapochanganyika na mafuta na vumbi la lami. Pia na reli, madaraja ya chuma na mistari ya rangi barabarani. Vipite kwa kunyoka, bila kufunga breki.

Kwa mzee wetu, basi, shauri ni hili: tairi namba 40-635 lenye meno mabegani, liwekwe mbele, lile alilonunua kabla ya masika libaki nyuma, upepo wa mbele upunguzwe kidogo, na mkebe ufungwe chini iwezekanavyo. Amwandikie mwanawe kwamba amemsadiki. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwezi wa Machi hauko mbali. Kabla mvua hazijaanza, kila mwenye baisikeli na aiinamie leo, alitazame tairi lake la mbele.