Nyumba Yabebwa Begani, Kibali Kiko Hola

Kilichonikaa kichwani tangu nitoke Ngao, kwenye delta ya mto Tana nchini Kenya, ni matundu ya misumari.

Fundi aliyenionyesha hayo amezeekea kazi ya kubomoa na kusimamisha nyumba za wenzake. Hubomoa kwa upole. Kabla ya kung'oa bati, huliandikia namba upande wa ndani kwa kipande cha kaa, safu kwa safu. Kenchi nazo hutiwa alama. Mabati yakirudishwa kwa mpangilio uleule, msumari unaingia kwenye tundu lake la zamani. Yakichanganywa, mwenye nyumba atalala na sufuria kitandani. Tundu lisilopata msumari huzibwa kwa lami na kipande cha ndala kuukuu. Misumari yenyewe hainunuliwi upya. Hunyooshwa mmoja mmoja juu ya kisogo cha shoka, maana jiwe huku deltani utalitafuta mpaka uchoke. Mlango wa mbambakofi nilioushika, fundi anasema, umeshaingia nyumba tatu, na bawaba ni zilezile.

Ukuta ndio haubebwi. Udongo huachwa hapo, mvua mbili tatu zikaurudisha ulikotoka.

Watu wa Ngao wanahama kwa sababu ambayo wasomaji wanaijua: Tana hufurika. Mwaka 1961, kisha El Niño ya 1997, kisha 2018, tena 2023 na 2024. Kila mara redio huwataka wa mabondeni wahamie juu, nao huhama, wengine mpaka upande wa Tarasaa.

Hapo ndipo nilipomuuliza fundi habari ya kibali. Akanitazama. "Kibali cha nini, mwanangu? Nyumba si ilikuwapo?"

Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 haioni hivyo. Kibali ni cha ujenzi mahali fulani; paa lilelile likishushwa kiwanja kingine ni ujenzi mpya. Anayejenga bila idhini ya kaunti anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 500,000, au kufungwa hadi miezi miwili, au vyote viwili. Choo nacho kinataka shimo jipya. Na banda la mbuzi? Kwa maneno ya sheria, kazi yoyote ya ujenzi juu ya ardhi imo. Fundi alicheka kwa hilo kuliko yote.

Nilimsomea na kifungu cha huruma: ombi lisipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60, idhini huhesabiwa imetolewa. Akahesabu kwa vidole. Bwawa la Masinga huko juu mtoni likijaa, kampuni ya umeme ya KenGen hutangaza, na baada ya siku kadhaa maji yamo shambani. Siku 60, alisema, maji yatakuwa yamekuja, yamekaa, na pengine yameshaondoka.

Si kwamba yeye hujenga bila kuuliza. Huanza kwa wazee wa Gasa, baraza la Wapokomo. Eneo likikaribia malka, njia ya ng'ombe kwenda mtoni, wazee wa Waorma nao huitwa. Tangu mauaji ya 2012 kati ya wakulima wa Kipokomo na wafugaji wa Kiorma, hakuna mwenye akili anayechimbia nguzo kwenye malka kwa ujanja. Idhini hiyo haina muhuri, lakini ndiyo inayomwezesha mtu kulala.

Ila mbele ya ofisa haitoshi. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, ardhi ya jamii isiyosajiliwa hushikiliwa na kaunti kwa niaba ya wenyewe. Basi kaunti ndiyo mdhamini wa kiwanja, na ndiyo mtoa kibali. Mkulima akikatazwa, amlalamikie nani? Na kiwanja cha zamani kando ya mto, chenye miembe ya babu yake, kinabaki chake paa likishaondoka? Fundi hakunijibu. Alirudi kunyoosha misumari.

Waheshimiwa wa Bunge la Kaunti ya Tana River mlioko Hola, andikeni fomu ya ukurasa mmoja kwa anayehamisha nyumba kukimbia mafuriko: isainiwe na chifu na wazee, ipokelewe katika ofisi ya wadi, isilipiwe. Na ipitisheni kabla ya masika.