Mjusi wa Mchangani Si Adui wa Mkulima

Mkulima anapong'oa muhogo au anapofagia majani makavu chini ya mkorosho, pengine huona kitu king'aacho kikijinyonganyonga na kuzama mchangani. Mara husikika kelele, "Nyoka!" na jembe hushuka. Lakini mara nyingi aliyeuawa si nyoka. Ni mjusi, na mkulima amejipunguzia msaidizi.

Mjusi huyu, ambaye wataalamu humwita Mochlus sundevallii, yuko Pwani na katika sehemu nyingi kavu za Kenya zenye udongo mwepesi. Urefu wake pamoja na mkia hauzidi shibiri moja. Mgongo wake ni wa rangi ya kahawia, na tumbo ni jeupe. Pua yake imechongoka kama kabari, nayo humsaidia kupenya mchanga. Magamba yake ni laini sana, hivyo mchanga haumshiki. Anayo miguu minne, lakini ni mifupi mno. Akikimbia hujipinda kama samaki majini, na ndiyo sababu watu humdhania kuwa nyoka.

Chakula chake ni mchwa, wadudu wengine na mabuu yao. Hali mazao wala mbegu. Jike hutaga mayai machache ardhini, mara nyingine ndani ya kichuguu. Adui akimkamata mkia, mkia hukatika na kuendelea kurukaruka, naye mwenyewe hutoroka. Baadaye huota mkia mwingine.

Je, ana sumu? Hana. Lakini angalieni sana! Yuko nyoka mdogo mweusi ambaye pia huishi ardhini na hung'aa vivyo hivyo. Huyo anaweza kutokeza jino lake la sumu pembeni mwa mdomo bila kufunua kinywa, basi hata akishikwa nyuma ya kichwa huuma.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Mkiona mnyama kama huyo, simameni mbali kidogo mtazame. Akiwa na miguu, mwacheni aende zake. Ikiwa hamwoni miguu, msimguse kwa mkono, wala msiwaruhusu watoto kumchezea. Mtu akiumwa na nyoka, msimchanje wala msimfunge kamba. Apelekwe hospitali upesi.