Upendo wa Mungu Si Ujira

Mtoto akiulizwa Mungu humpenda mtu wa namna gani, mara nyingi hujibu upesi, "Humpenda mtu mwema." Jibu hilo huonekana kuwa sawa, maana ndiyo desturi ya ulimwengu. Kibarua aliyemaliza ngwe yake hupata ujira wake, na aliyelala kivulini hapati kitu. Basi watu hudhani ya kuwa upendo wa Mungu nao hupimwa vivyo hivyo, kila mtu kwa kadiri ya kazi yake. Bwana Yesu alifundisha neno jingine, nalo laonekana wazi katika mfano wa baba na wanawe wawili, ulioandikwa katika Injili ya Luka, sura ya 15.

Ni vema kujua kwanza sababu ya mfano huo kutolewa. Watoza ushuru na watu wengine waliohesabiwa kuwa wenye dhambi walikuwa wakimjia Yesu, naye akala pamoja nao. Watoza ushuru walichukiwa sana na Wayahudi wenzao, kwa sababu walikusanya fedha za watawala, na wengi wao walitoza kupita kiasi. Mafarisayo na waandishi, watu walioishika sana torati, walipoona hayo walinung'unika. Hao ndio waliojibiwa kwa mfano huu.

Kwa torati ya Musa mzaliwa wa kwanza hupata mafungu mawili ya urithi. Kwa hiyo katika nyumba yenye wana wawili, mkubwa hupata theluthi mbili, na mdogo theluthi moja. Yule mdogo alitaka fungu lake, na baba yake angali hai. Kudai urithi wa mtu aliye hai ni kama kumwambia, "Umechelewa kufa." Hata hivyo baba akawagawia mali yake. Kijana akaenda nchi ya mbali, akatapanya vyote. Njaa ikaingia katika nchi ile, akapata kazi ya kulisha nguruwe. Kwa Wayahudi nguruwe ni mnyama najisi, basi hapakuwa na kazi ya chini kuliko hiyo. Akatamani hata chakula cha nguruwe, wala hakuna aliyempa kitu.

Hapo akili zikamrudia, akatengeneza maneno ya kumwambia baba yake. Maneno yenyewe yalikuwa matatu: kwanza, kwamba amekosa, pili, kwamba hastahili tena kuitwa mwana, tatu, kwamba afanywe kama mmoja wa vibarua. Alidhani ya kuwa uwana wake umekwisha pamoja na fedha zake, ila labda chakula cha baba yake ataweza kukipata kwa jasho lake.

Baba alimwona angali mbali, akapiga mbio kumlaki. Mzee wa heshima katika nchi zile hutembea kwa utulivu, hakimbii mbele za watu. Lakini huyu hakujali heshima yake. Katika mfano wote neno upendo halitajwi hata mara moja, bali upendo wenyewe waonekana katika matendo ya baba. Na Luka alipoitaja huruma yake alitumia neno la Kiyunani litokalo katika jina la matumbo, yaani viungo vya ndani ya mwili. Waswahili nao husema, "Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi."

Kijana akaanza kusema maneno yake. Akasema la kwanza, akasema la pili, lakini la tatu hakulisema. Msomaji akisoma polepole ataona jambo hili: ombi la kuwa kibarua halikutoka kinywani mwake, maana baba alikuwa amekwisha kuwaagiza watumwa walete vazi, na pete, na viatu, wakamchinje na ndama aliyenona. Viatu havikuwa kitu kidogo. Mtumwa alikwenda miguu mitupu, na mwana alivaa viatu. Hata Unguja, katika karne ya 19, mtumwa alijulikana kwa kwenda miguu mitupu na kichwa wazi. Basi viatu vile vilimwambia kijana, pasipo maneno, ya kuwa yeye si kibarua wala mtumwa.

Je, maana yake ni kwamba dhambi ni kitu chepesi? Sivyo. Fedha zilizotapanywa hazikurudi, na baba hakusema kwamba kosa lile si kosa. Alimhesabu mwanawe kama mtu aliyekufa akafufuka. Tena hasara na aibu vilimwangukia baba mwenyewe. Ndivyo Wakristo wanavyofundishwa habari za msalaba. Mtume Paulo, katika sura ya 5 ya waraka wake kwa Warumi, alieleza ya kuwa Kristo alikufa kwa ajili ya watu walipokuwa wangali wenye dhambi. Mungu hakungoja watu wawe wema ndipo awapende.

Mwana mkubwa alirudi kutoka shamba, akasikia nyimbo na machezo, akakataa kuingia. Baba akatoka nje tena, safari hii kwa ajili yake. Mwana akaanza kuhesabu miaka ya utumishi wake, akalalamika ya kuwa hajapewa hata mwana-mbuzi. Hayo ni maneno ya kibarua adaiye ujira. Mdogo alipotea katika nchi ya mbali, na mkubwa alipotea uani kwa baba yake. Wote wawili walidhani ya kuwa nyumbani mtu hukaa kwa malipo. Tena mkubwa hakumwita mwenzake ndugu. Alimwita mwana wa baba yake tu. Baba katika kumjibu alimrudishia jina la ndugu, akamwambia ya kuwa mali yote iliyobaki ni yake.

Huenda mtu akauliza, "Ikiwa upendo si ujira, kwa nini basi kujitahidi?" Kibarua hulima kwa sababu atalipwa, na asipolipwa huacha jembe. Mwana hulima kwa sababu shamba ni la baba yake. Yohana katika waraka wake wa kwanza, sura ya 4, aliandika ya kuwa watu hupenda kwa sababu Mungu aliwapenda kwanza. Kazi njema ni matunda ya upendo huo, si bei yake.

Mfano unakoma hapo, wala Luka hakuandika kama mwana mkubwa aliingia au hakuingia. Mafarisayo waliachwa watoe jibu wao wenyewe, na kila asomaye huachwa vivyo hivyo. Mwanafunzi aliyefanya vibaya ajua sasa ya kuwa anaweza kurudi. Na mwanafunzi aliyefanya vema, anapomwona mwenzake aliyekosa akipokewa kwa furaha, ana neno la kuamua. Mlango u wazi, na baba amesimama nje pamoja naye, akimsihi aingie.