MIONZI YA URUJUANIMNO: ASILI YAKE, MADHARA NA MANUFAA

Katika nuru ya jua imo mionzi isiyoonekana kwa macho, iitwayo urujuanimno kwa kuwa nafasi yake ni baada ya rangi ya urujuani. Iligunduliwa mwaka 1801 na mwanasayansi wa Kijerumani, Johann Wilhelm Ritter. Chanzo chake kikuu ni jua. Vyengine ni moto wa kuchomea vyuma kwa umeme na taa maalumu.

Tabaka la ozoni huizuia mionzi iliyo mikali kabisa. Inayosalia hutufikia, na visiwa vyetu, vikiwa karibu na Ikweta, huipata kwa wingi mwaka mzima. Upepo wa bahari huupoza mwili lakini hauizuii mionzi. Mawingu mepesi huipitisha, na mchanga mkavu wa pwani huirudisha usoni.

Mionzi hiyo huunguza ngozi na kuizeesha, na kwa muda wa miaka huweza kuleta saratani ya ngozi na mtoto wa jicho. Wavuvi, wakulima wa mwani na wajenzi wamo hatarini. Walio hatarini zaidi ni ndugu zetu wenye ualbino, ambao ngozi yao imekosa rangi ya kuikinga. Saratani huweza kuwapata wangali vijana.

Pamoja na hayo, ina manufaa. Huuwezesha mwili kutengeneza vitamini D inayoimarisha mifupa. Taa zake huua vijidudu hospitalini na hufichua noti bandia. Hata maji yasiyo na tope, yakiwekwa juani kwa saa 6 katika chupa safi ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita 2, vijidudu vyake vingi hufa. Siku za mawingu yaachwe siku 2. Njia hii haiondoi chumvi wala sumu.

Kipimo cha tahadhari ni kivuli, ambacho wazee wetu wamekitumia tangu zamani kuujua wakati wa alasiri: kikiwa kifupi kuliko kimo chako, jikinge kwa kofia pana, nguo ya mikono mirefu na kivuli cha mti. Saa kali ni baina ya saa 4 asubuhi na saa 10 alasiri.

Kwa hivyo, wakuu wa kazi wanaombwa kuzipanga kazi za juani mapema asubuhi; walimu wasiwasimamishe uwanjani wanafunzi wenye ualbino; na masheha wawafikishie maelezo haya wananchi wasiosoma. Kidonda cha ngozi kisichopona kipelekwe kituo cha afya bila ya kuchelewa.