Tabia za Ndege za Kale Katika Kompyuta ya Nyumbani

Mkaazi wa Changamwe aonaye leo ndege kubwa za jeti zikitua katika Uwanja wa Moi, ambao zamani ukiitwa Port Reitz, huenda asijue kwamba Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lilipoanza safari zake mwaka 1946, lilianza na ndege sita za Dragon Rapide, zenye mabawa ya tabaka mbili yaliyoundwa kwa mbao na kitambaa, na baadaye likaongeza DC-3, ndege ya Kimarekani iliyoruka mara ya kwanza tarehe 17 Desemba 1935. Ndege hizo zimeadimika angani, walakini kwa programu za mwigo, kama Microsoft Flight Simulator, X-Plane, na FlightGear ipatikanayo bila malipo, kijana wa Likoni au Kisauni mwenye kompyuta aweza kushika usukani wa DC-3 nyumbani kwao.

Atakalolistaajabia kwanza ni kwamba taabu huanza chini, kabla ya kuruka. DC-3 hukaa pua juu na mkia chini, ukibebwa na gurudumu dogo, na kitovu cha uzito wake ki nyuma ya magurudumu makubwa. Kwa hivyo pua ikikengeuka kidogo, uzito ulio nyuma huzidisha ule upotofu badala ya kuunyosha, mfano wa mkokoteni unaosukumwa na hamali, ambao akighafilika hugeuka wenyewe.

Na achukue mwanafunzi msimu wa kusi, naye yu tayari kuruka katika njia ielekeayo kusini-magharibi. Upepo watoka kushoto kwake, waupiga mkia mkubwa na kuigeuza pua kushoto. Na rafadha zote mbili, zinazozunguka kwa mwendo wa akrabu za saa kwa atazamaye kutoka nyuma, nazo huivuta pua kuko huko. Hana budi kuukanyaga usukani wa mkia kwa mguu wa kulia, kwa nguvu mwanzoni, maana hewa ipitayo mkiani ingali dhaifu, kisha aulegeze taratibu kadiri mwendo unavyoongezeka.

Hata angani miguu haipumziki. Akitaka kupinda kulia, kibawa kinachoshuka ukingoni mwa bawa la kushoto ili kuliinua huikinza hewa zaidi, pua ikavutwa kushoto ilhali ndege yainamia kulia; na katika ndege yenye mabawa ya mita 29 kutoka ncha hata ncha, ila hiyo ni dhahiri.

Programu hizo zina maarifa mengi: X-Plane, kwa mfano, huligawa bawa vipande vipande na kuhesabu nguvu ya hewa juu ya kila kimoja. Hata hivyo, springi ya kijiti cha mezani haina uzito wa nyaya za usukani wa kweli, wala kiti cha nyumbani hakimtambulishi mtu kwamba ndege yateleza upande. Fauka ya hayo, programu nyingi huweza kumkanyagia mwanafunzi usukani wa mkia pasipo yeye kujua.

Nasaha yangu ni kuuondoa msaada huo mapema, na kutafuta pedali za miguu kwa mwenye uwezo. Ila za ndege ya kale ndizo zinazomfunza mtu jinsi hewa, uzito na injini zinavyoshindana. Na kwa ila hizo ndipo tuwezapo kuupima ustadi wa marubani walioziteremsha salama Port Reitz, abiria wasijue ni kazi ngapi zilizofanywa kwa miguu.