Wakulima Waliopanda Farasi na Wakulima Waliobeba Mizigo

Uingereza ilipoingia katika Vita Vikuu vya Kwanza mwezi wa Agosti 1914, walowezi wa nchi ambayo leo ni Kenya waliacha majembe na mifugo yao, wakapanda farasi na nyumbu, wakaingia Nairobi, wengi na bunduki zao za kuwindia. Na wengine, kwa uchache wa silaha, walishika mikuki ya mianzi. Makundi hayo, likiwamo lile la Bowker's Horse na la Makaburu wa Uasin Gishu, yaliunganishwa yakawa kikosi kimoja kilichoitwa East African Mounted Rifles.

Ushujaa wao haukanushiki. Tarehe 3 Novemba 1914 walishiriki pamoja na askari wa Kihindi katika kuushambulia mlima wa Longido uliokuwa ukishikwa na Wajerumani, nao baada ya mapigano ya mchana kutwa wakalazimika kurudi nyuma kwa shida ya maji. Ama kikosi chenyewe hakikudumu na nguvu zake, kwani wengi wa wakulima hao, kwa kuwa waliijua nchi na lugha zake, walihamishiwa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari Waafrika, wakawa maofisa.

Hata mwaka 1916, Jenerali Smuts aliposhika amri ya majeshi ya Waingereza, walikuja wapanda farasi wengine kutoka Afrika Kusini, ambao aghalabu walikuwa watoto wa mashamba, waliozoea tandiko tangu utotoni. Mwezi wa Aprili Jenerali van Deventer aliwaongoza kutoka Arusha hadi Kondoa Irangi katikati ya masika. Wakauteka mji, walakini mamia ya farasi walikufa njiani. Adui mkubwa hakuwa Mjerumani, bali ndorobo, yule nzi ambaye kwa kuumwa naye mnyama huingiwa na vijidudu katika damu, akakonda, akadhoofika, akafa. Farasi wapya waliletwa, nao wakafa vilevile. Ikabidi mpanda farasi atembee kwa miguu.

Yatupasa sisi wa Kihagara na mwambao wote wa Ziwa Nyasa kuyatafakari hayo, madhali vita hivyo vilitufikia mapema sana. Tarehe 13 Agosti 1914, huko Liuli, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhaven, meli ya Waingereza Gwendolen iliishambulia meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann ilipokuwa nchi kavu ikitengenezwa. Mwezi wa Septemba 1916 majeshi ya Waingereza ya Jenerali Northey yaliingia Songea. Tarehe 25 Novemba 1917 kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Na mwaka 1918 akarudi, akapitia nchi ya Songea, kabla ya kuweka silaha chini huko Abercorn tarehe 25 Novemba.

Katika milima na mapori hayo farasi hakufaa kitu, na barabara za magari zilikuwa haba. Chakula, risasi, dawa na majeruhi vilichukuliwa kwa vichwa na mabega ya watu. Wanahistoria wanakisia kwamba Waingereza peke yao walitumia wapagazi wapatao milioni 1, na makumi ya maelfu miongoni mwao walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu. Hao nao walikuwa wakulima, lakini hawakuja kwa hiari na bunduki zao; wengi walishikwa kwa nguvu, wakaacha mashamba bila wa kuyalima, katika nchi ya kusini ambayo ilikuwa haijapona bado majeraha ya vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907.

Sanamu ya Askari iliyozinduliwa Dar es Salaam mwaka 1927 inamwonyesha mwanajeshi Mwafrika aendaye kwa miguu, na maandishi yake yanawataja wapagazi pia. Hiyo ni haki. Walakini majina ya wapagazi hayamo humo. Basi walimu na vijana wa Mbinga na Nyasa, waulizeni wazee wenu yale waliyosimuliwa na babu zao juu ya vita hivyo, myaandike, na kila jina mtakalolipata mlihifadhi.